Kilomita Ngapi Kabla ya Kumwaga Oili? Mhadhara Kuhusu Oili ya Sintetiki na Safari za Afrika Mashariki

Gari lililotumika Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi huwa bado limebeba stika ndogo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka na kila mtu: tarehe ya mwisho oili ilipobadilishwa, na kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi siku hiyo. Mnunuzi huipita bila kuitupia jicho. Wiki chache baadaye fundi wa mtaani hubandika stika yake mwenyewe, na hesabu yake haina mjadala: jumlisha 5,000. Iwe Vitz ya cc 1,000 au Prado ya dizeli, iwe oili ya kawaida iliyopimwa kutoka kwenye pipa au sintetiki ya bei kali, jibu ni hilo hilo. Elfu tano.

Upande wa pili kuna wamiliki waliokwisha kusikia kwamba sintetiki inafika kilomita 15,000, au hata 20,000, nao wametulia wanasubiri. Wamelipa fedha nyingi, wanataka zirudi kwa umbali. Fundi anawaambia wamwage mapema, wao wanaona anatafuta hela ya kazi.

Mhadhara huu unashikilia kwamba pande zote mbili zimeokota namba mahali pasipostahili. Kinachozeesha oili ni aina ya safari, na sintetiki inatibu baadhi ya magonjwa ya safari na mengine haiyagusi kabisa. Anayejua yapi ni yapi anaweza kujipangia ratiba bila kumwogopa fundi wala kumwamini mwenye matangazo.

Historia kwanza, kwa kifupi. Oili za sintetiki zilipata heshima yake angani kabla ya barabarani. Injini za ndege za jeti zina joto ambalo oili iliyochujwa kutoka mafuta ghafi hailivumilii, ikabidi wakemia watengeneze oili kwa kuunganisha molekuli. Al Amatuzio, rubani wa ndege za kivita katika jeshi la akiba la anga la jimbo la Minnesota, Marekani, aliona jinsi oili hizo zinavyofanya kazi akajiuliza kwa nini gari lake lisipate. Mwaka 1972 kampuni yake, AMSOIL, ikaingiza sokoni oili ya sintetiki ya magari, na ahadi yake ilikuwa kubwa: maili 25,000 au mwaka mmoja, yaani kilomita 40,000. Mobil 1 ikafuata mwaka 1974. Tangu mwanzo, basi, sintetiki iliuzwa pamoja na ahadi ya umbali, na ahadi hiyo ndiyo inayowasumbua watu hadi leo.

Leo neno “sintetiki” kwenye galoni halimaanishi kitu kimoja. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hugawa mafuta ya msingi katika makundi matano. Kundi la nne ndilo la molekuli zilizounganishwa kiwandani kutoka gesi. Kundi la tatu linatokana na mafuta ghafi yaliyopikwa upya kwa haidrojeni, chini ya joto na shinikizo kubwa, mpaka uchafu na molekuli dhaifu karibu zote zikaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Castrol iliingiza mafuta ya kundi la tatu katika oili iliyokuwa ikiiuza kwa jina la sintetiki. Mobil ikalalamika mbele ya chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo, na mwaka 1999 Castrol ikashinda. Tangu hapo galoni nyingi zenye neno hilo zina mafuta ya kundi la tatu. Ujerumani bado ina msimamo mkali zaidi juu ya neno hilo. Halafu kuna oili inayotengenezwa kutoka gesi asilia: kiwanda cha Pearl, huko Ras Laffan nchini Qatar, kilianza uzalishaji mwaka 2011, na miongoni mwa anachokitoa kwenye gesi ni mafuta ya msingi.

Je, mwenye gari anapaswa kujali? Kidogo tu. Oili nzuri ya kundi la tatu inazishinda kwa mbali oili za kawaida, na ndiyo inayotosha magari mengi. La kushika ni kwamba neno lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya galoni ni la wauzaji. Ya wahandisi yako nyuma, kwa herufi ndogo, ndani ya duara la API: daraja la ubora, kwa mfano SN ya mwaka 2010 au SP ya mwaka 2020, na katikati ya duara namba ya uzito, kwa mfano 0W-20 au 5W-30.

Sasa tuingie kwenye samp, bakuli la oili lililo chini ya injini. Sehemu kubwa ya oili ni mafuta ya msingi. Iliyobaki ni viongezeo. Viko vinavyosafisha, vinavyoshika masizi yasigandamane, vinavyozuia oili isiungane na oksijeni, vinavyopunguza makali ya asidi, na kuna vyenye zinki vinavyotandaza utando mwembamba kwenye vyuma vinavyosagana. Mafuta ya msingi ya sintetiki yana sifa mbili kubwa: hayachakai upesi yanapochomwa na joto, na hayabadiliki sana uzito kati ya injini baridi na injini moto. Hapo fedha ya mwenye gari imefanya kazi. Lakini viongezeo huliwa, vikiwa kwenye sintetiki au kwenye oili ya kawaida. Na uchafu unaoingia ni ule ule. Vumbi la barabara ya Narok, masizi, mvuke wa maji unaopita kando ya ringi za pistoni, petroli ambayo haikuungua asubuhi injini ikiwa baridi: hakuna hata kimoja kinachosoma lebo kabla ya kuingia kwenye oili. Sintetiki inavumilia joto. Haizuii vumbi.

Kwa hiyo rangi ya oili isimtishe mtu. Oili ikiwa nyeusi kwenye kijiti baada ya wiki chache, mara nyingi ni dalili kwamba kisafishi kinabeba masizi kama kilivyotumwa, na oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku ile ile. Zipo dalili zinazostahili kuogopwa. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili maana yake maji yameingia. Chembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole si masizi tena. Kijiti kikinuka petroli, au kikionyesha oili imepanda juu kuliko siku ilipowekwa, kuna fueli ndani yake. Kupanda huko huwafurahisha baadhi ya wamiliki, wakidhani gari lao “halili oili”.

Namba ya 5,000 nayo iko karibu sana na maili 3,000 ambazo gereji za Marekani zilizihubiri kwa miongo kadhaa. Maili hizo ni kama kilomita 4,800. Mwaka 1996 jarida la Consumer Reports lilichapisha matokeo ya kuipima imani hiyo. Lilikuwa limechukua teksi 75 za New York, likazifuatilia kwa jumla ya maili milioni 4.5, kisha injini zikafunguliwa na vyuma vyake kupimwa. Zile zilizobadilishwa oili kila maili 6,000 hazikuonyesha tofauti ya maana na zile za maili 3,000. Wala oili za sintetiki hazikuonekana kuzishinda za kawaida katika kuzuia kusagika.

Habari hiyo imetumiwa vibaya tangu siku hiyo. Teksi ya New York inawashwa asubuhi na karibu haipoi: dereva mmoja anashuka, mwingine anapanda. Oili yake iko kwenye joto la kazi saa zote, hivyo maji na petroli huchemka na kutoka. Watafiti wenyewe walilisema hilo. Ni safari ngumu kwa klachi, breki na kiti cha dereva, lakini kwa oili ni safari ya wastani. Mwalimu anayeishi umbali wa kilomita tatu kutoka shuleni, anayewasha gari, anafika kabla injini haijapata joto, analizima na kurudi hivyo hivyo mchana, anaitesa oili yake kuliko dereva yule wa teksi. Kwa mwaka mzima gari lake halifikishi hata kilomita 2,000. Stika ya fundi inamwambia bado ana miaka miwili.

Walioliona tatizo hili mapema walikuwa katika maabara za General Motors. Mwaka 1987 mkemia Shirley Schwartz na mhandisi Donald Smolenski walichapisha maelezo ya mfumo wa kumjulisha dereva wakati wa kubadilisha oili, na mwaka 1988 mfumo huo ukaingizwa kwenye magari ya Oldsmobile. Wengi hudhani kuna kifaa ndani ya samp kinachoonja oili. Hakipo. Kuna kompyuta inayohesabu mizunguko ya injini na kuitazama pamoja na joto. Oili mpya hupewa akiba ya mizunguko; kila mzunguko unakata kidogo, na ule uliofanyika injini ikiwa baridi, au ikiwa moto kupita kiasi, unakata zaidi. Schwartz na mwenzake walizitofautisha safari za barabara kuu, za mjini, za mzigo mzito na joto, na zile fupi za injini baridi, wakakuta umri wa oili unatofautiana mara kadhaa kati ya safari nyepesi na ngumu. Kilomita peke yake hazikutosha kueleza tofauti hiyo.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua magari mawili ya Toyota IST yenye injini moja, oili moja. La kwanza linakwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam na kurudi, kilomita kama 900 kwa safari nzima. Baada ya safari kumi limefikisha kilomita 9,000, na kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa injini imefanya kazi saa 150. La pili linatoka Mbezi hadi Posta, tuseme kilomita 20, na foleni ya Barabara ya Morogoro inalichukua saa mbili. Ili lifikishe kilomita 9,000 zile zile litafanya safari 450, ambazo ni saa 900. Mara sita. Vitabu vya Ford kwa magari ya polisi na ya kazi huhesabu saa moja ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama kuwa sawa na mwendo wa kati ya maili 25 na 33, yaani kilomita 40 hadi 53. Ikiwa nusu ya muda wa IST ya Mbezi ni kusimama, zimo saa 450 za namna hiyo, na hata kwa kipimo cha chini ni kilomita 18,000 ambazo dashibodi haikuziona. Jumlisha na zile 9,000. Mwenye gari hili akisema “bado sijafika elfu kumi”, anasema kweli kuhusu matairi.

Hakuna haja ya kubahatisha jinsi ya kuyageuza maneno haya kuwa ratiba, kwa sababu Toyota ilishafanya kazi hiyo kwa soko lake la nyumbani, na magari ya soko hilo ndiyo yaliyojaa Kampala, Moshi na Nakuru. Kwa injini za petroli zisizo na turbo, mwongozo wake Japani ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Kwa matumizi magumu hukatwa nusu: 7,500 au miezi sita. Kwa injini za petroli zenye turbo ni 5,000 au miezi sita, na matumizi magumu ni 2,500 au miezi mitatu. Wengi huishia kwenye ile 15,000 na kufurahi. Maana ya matumizi magumu ndiyo inayofunga mjadala: barabara mbovu, milima, safari fupi za kilomita nane au chini zinazorudiwarudiwa, mwendo wa polepole, injini kuachwa ikiunguruma muda mrefu. Kwenye orodha hiyo wamo hata wanaopita kilomita 20,000 kwa mwaka.

Kwa Mjapani wa Tokyo, hali hizo ni nyongeza ya mwisho wa kitabu. Kwa anayeishi Goba, Rongai au Kasangati, ni maelezo ya siku yake ya kawaida. Kwa maoni ya mhadhiri, safu ya “kawaida” ya kitabu cha Japani ingefaa ifutwe kabisa mara gari linapovuka bahari. Marekani nako hali ni hiyo: Toyota zinazotumia 0W-20 hupewa maili 10,000, karibu kilomita 16,000, lakini gari linalopita barabara za vumbi au kuvuta mzigo hurudishwa kwenye maili 5,000. Na zipo Volkswagen za Ujerumani zilizoruhusiwa kwenda hadi kilomita 30,000 au miaka miwili, kwa oili maalumu ya kiwango cha 504 00 au 507 00. Ruhusa hiyo ni ya barabara za huko na dereva wa huko. Aliyeagiza gari kutoka Ulaya aulize kama kompyuta yake bado inahesabu hivyo.

Nini hutokea mtu akipitiliza? Mara nyingi, hakuna anachokiona, na hapo ndipo hatari ilipo. Oili iliyoungua huanza kuacha tope zito, jeusi, linaloshika kama lami, chini ya kava ya valvu na kwenye wavu wa pampu. Mfano mkubwa ni wa Toyota yenyewe: baadhi ya injini zake za silinda nne za lita 2.2 na za V6 za lita 3.0, zilizouzwa Marekani kati ya miaka ya modeli 1997 na 2002, zilikuwa nyepesi kushikwa na tope. Kampuni ilisema chanzo ni wamiliki kuchelewesha oili. Baadhi ya wamiliki wakajibu kwa risiti. Mwaka 2002 ikatangaza mpango maalumu wa kuwatengenezea waliodhurika, na mwaka 2007 kesi ya pamoja ikaishia kwa maafikiano. Injini za familia hizo hizo zilikaa kwenye Harrier za kwanza, ambazo bado zinapita barabarani kwetu. Mwenye Harrier hiyo anayejivunia kwamba injini haijawahi kufunguliwa angemwomba fundi afungue kifuniko cha kujazia oili na kumulika ndani kwa tochi. Chuma chenye rangi ya kahawia isiyokolea ni cha kawaida. Chuma kilichofunikwa kitu kama lami ni habari nyingine.

Dizeli mpya zina ugonjwa wake. Mazda CX-5 ya dizeli imependwa sana Kenya na Tanzania, nayo ina kichujio cha masizi kwenye egzosi. Kichujio kikijaa, injini hupuliza dizeli ya ziada ili kuyaunguza masizi, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye samp. Kazi hiyo huenda vizuri kwenye mwendo mrefu. Kwenye foleni hukatizwa kila siku, na dizeli inazidi kuteremka. Mazda walilijua hilo, ndiyo maana kijiti chake cha oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia X inamwagwa, hata kama ni ya mwezi uliopita na hata kama ni ya bei gani.

Yapo pia makosa yanayoifanya hesabu yote ya kilomita ipoteze maana, na la kwanza ni uzito wa oili. Kuna mafundi wanaoamini kwamba nchi ya joto inahitaji oili nzito, hivyo Vitz iliyoundwa kwa 0W-20 inajazwa 20W-50. Kwa kipimo cha SAE, injini ikiwa moto, oili ya daraja la 50 ni nzito takriban mara mbili ya ile ya daraja la 20. Njia za oili za injini hizi ni nyembamba, na mfumo wa VVT-i unaoendesha majira ya valvu unategemea shinikizo la oili hiyo hiyo. Injini kuukuu iliyoanza kula oili inaweza kuhitaji kupandishwa daraja moja, tuseme 5W-30, na hilo halina ubaya. Kuruka hadi 20W-50 ni kuficha kelele.

La pili ni filta. Ikijaa uchafu, ndani yake kuna valvu inayofunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Anayebadilisha sintetiki na kuiacha filta ya zamani amekwisha kuichafua oili mpya kabla ya kutoka gereji. Filta ya hewa nayo ichunguzwe mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa anayepita vumbi, maana vumbi linalopita hapo ndilo linalokuja kusaga silinda.

Habari njema moja imetokea kwenye fueli. Salfa iliyomo kwenye dizeli hugeuka asidi, na asidi hula akiba ya viongezeo. Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ratiba fupi za miaka ya nyuma, wakati salfa ilikuwa nyingi, zilikuwa na haki yake. Fundi mzee anayeng'ang'ania kumwaga mapema hakuwa mjinga. Alijifunza kazi kwa fueli nyingine.

Tatizo linalowaumiza wanunuzi zaidi ni oili bandia. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya Kenya zipo kwa ajili ya mambo kama haya, lakini haziwezi kusimama kwenye kila duka la vipuri la Gerezani, Barabara ya Kirinyaga na soko la Kisekka. Njia rahisi ya kughushi ni kutumia galoni halisi: inaokotwa gereji, inaoshwa, inajazwa oili ya pipa, inarudishwa dukani. Lebo ni ya kweli, duara la API ni la kweli, kilichomo ni kingine. Kwa mtu asiye na uhakika na duka, ratiba ya 10,000 ni kamari. Anunue kwa wakala anayetambulika na adai risiti. Akishindwa kabisa, amwage mapema kama fundi wa zamani anavyosema.

Anaweza pia kupima. Kampuni za reli za Marekani zilianza kuchunguza oili za vichwa vya treni kwa spektromita katika miaka ya 1940. Mojawapo, Denver and Rio Grande Western, ilifanya hivyo mwaka 1946. Leo migodi na wenye mitambo mikubwa hupeleka sampuli maabara kama jambo la kawaida: chuma kikizidi, kuna kinachosagika, silikoni ikizidi, vumbi linaingia. Kwa mwenye IST moja gharama hiyo haina maana. Kwa mwenye mabasi au malori, kipimo kimoja katikati ya ratiba kinaweza kumwonyesha kama anatupa oili ambayo bado ina uhai au anaua injini.

Kutupa kuna bei yake, na si ya mfukoni tu. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Anayeendesha kilomita 20,000 kwa mwaka akimwaga kila 5,000 anazalisha karibu lita 15 za oili chafu. Akimwaga kila 10,000, anazalisha nusu yake. Shirika la mazingira la Marekani husema oili ya mabadiliko ya gari moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji. Huku kwetu sehemu yake hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, nyingine humwagwa mtaroni nyuma ya gereji. Oili ikibadilishwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, kuna mtu anayekunywa matokeo yake.

Basi ratiba. Injini ya petroli isiyo na turbo, yenye afya, iliyowekewa sintetiki ya kweli ya daraja la SN au zaidi na ya uzito uliotajwa kitabuni, ikiishi kwenye foleni, vumbi au safari fupi: kilomita 7,500 au miezi sita, kinachotangulia. Injini hiyo hiyo ikiwa ya safari ndefu za lami: 10,000 inatosha, na hakuna sababu ya kumwaga kwa 5,000. Turbo ya petroli: 5,000, na aliye kwenye foleni kila siku ashuke zaidi. Dizeli yenye kichujio cha masizi: kijiti kiamue, kilomita zifuate. Gari lisilotembea sana: lisipitishe mwaka, na kama safari zake zote ni fupi, miezi sita. Gari jipya mkononi ambalo historia yake haijulikani: oili mbili za kwanza zimwagwe mapema, kwenye kilomita 3,000 hivi, na filta kila mara, ili uchafu wa zamani utoke kabla ratiba ndefu haijaanza. Gari ambalo bado liko chini ya dhamana ya muuzaji hufuata kadi ya muuzaji, hata kama inaonekana ya uoga.

Ratiba yoyote kati ya hizo haina maana oili ikipungua katikati. Injini ya IST inayokula lita moja kwa kila kilomita 2,000 itakuwa imebakiwa na nusu ya oili yake kabla ya 4,000, na hiyo nusu itafanya kazi ya yote. Kijiti kivutwe kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, kisha kifutwe, kirudishwe, kivutwe tena.

Siku ya servisi mwenye gari asimame hapo hapo. Galoni ifunguliwe mbele yake, filta ya zamani ioneshwe, na stika iandikwe tarehe na kilomita, pamoja na uzito wa oili. Galoni ikiisha, itobolewe kwa bisibisi kabla haijaondoka uwanjani, isije ikarudi dukani na oili ya pipa. Fundi atakayekataza isitobolewe, gari lisirudi kwake.